Rimu za Alhamisi

Jumanne, 2 Septemba

Pedi za breki zimekwisha. Tena!

Fundi Taratibu kanipigia simu nikiwa darasani, jambo ambalo hafanyi mpaka gari liwe mahututi. Jina hilo tumempa sisi wateja wake, maana hata chafya anaipangia muda. Baba Kipusa alilipeleka gari sevisi asubuhi, mimi nikapita kulichukua saa kumi. Fundi akaniwekea pedi mbili za mbele kiganjani. Nyembamba! Zimebaki ngozi na mfupa. Na tulibadilisha mwezi wa sita, wiki ile Kipusa alipomaliza mitihani yake.

Nikamwuliza kama mwezi wa sita alifunga pedi mpya au za marehemu. Akaapa kwa watoto wake wote, akawataja mmoja mmoja, taratibu. Akasema pedi zilikuwa mpya, ila kuna mguu unazila. Mguu wa nani? Akaanza kufuta mikono.

Mimi si mtu wa kushuku ovyo. Lakini nimesimamia mitihani miaka kumi na tisa. Mtoto mwenye karatasi soksini namjua kwa anavyokaa, hata kabla hajainama. Na fundi anayefuta mikono iliyokwisha kuwa safi ana jambo.

Pedi kuukuu nimekuja nazo. Zimo kwenye mfuko wa plastiki, chini ya vitambaa vyangu kabatini. Ushahidi.

Mguu huo si wangu, niliandike hilo mapema. Mimi nimefundishwa gari na Baba, na Baba ameshusha malori ya mbao kwenye mteremko wa kona tisa kwa miaka thelathini na moja. Madereva wenzake walimwita Gia Mbili. Kabla hujaingia kona ya kwanza unaweka gia mbili, unaondoa mguu kwenye mafuta, unaiacha injini ilishike gari. Breki unaigusa unapoihitaji, halafu unaiachia ipumue. Tukifika chini alikuwa anashuka, anazunguka, anagusa kila rimu kwa mgongo wa mkono. Akikuta ya moto anaangaza huku na huku kama aliyefika sasa hivi kutoka safari: "Nani alikuwa anaendesha hili gari?" Na njia nzima kakaa ubavuni kwangu! Sharti nijibu: ni mimi, Baba. Ndipo tunapanda tena juu, tunaanza upya.

Mume wangu ni mtu wa breki. Anasema breki ziliwekwa ili zikanyagwe, wangetaka tutumie injini wasingejisumbua kuweka pedali. Anasema nikishusha gia gari linalia, na pedi ni rahisi kubadilisha kuliko klachi. Miaka ishirini tunabishana hilo. Watu wengine wanabishania wakwe.

Fundi nilimwuliza leo nani yuko sahihi. Kajibu gari limepewa vyote viwili, balaa ni dereva aliyejua kimoja. Jibu la mtu anayetaka wateja wote wawili.

Jumatano, 3 Septemba

Siku yangu ya gari. (Jumatatu, Jumatano, Ijumaa ni mimi. Jumanne na Alhamisi ni yeye, anazungukia wateja wa friji zake.) Pedi mpya zinashika vizuri. Jioni nimeosha rimu zote nne kwa mswaki na sabuni. Nikapitisha kitambaa cheupe, kikatoka cheupe. Nimeandika na kilomita za kwenye dashibodi, nyuma ya bahasha.

Wateja wake wote wako mjini, na mji huu ni tambarare kama meza. Hakuna pa kuchomea breki. Basi kesho tutajua.

Kipusa kaniuliza kwa nini naosha magurudumu badala ya gari. Nikamwambia usafi huanzia miguuni.

Alhamisi, 4 Septemba

Kilomita sabini na moja!

Na rimu za mbele nyeusi. Kitambaa kimetoka kama kimepangusa sufuria. Lile ni vumbi la pedi, hilo halina mjadala. Pedi zimesagwa leo, zimesagwa sana.

Nimemwuliza tu, kwa upole, leo ulikuwa wapi na wapi. Mjini. Wateja wangapi? Wanne. Foleni? Kubwa sana, Mama Kipusa, watu hawajui kuendesha siku hizi. Akamenya chungwa lote bila kuinua macho.

Miaka ishirini ya ndoa na hajui kudanganya. Ingefaa nifurahi.

Ijumaa, 5 Septemba

Asubuhi hii kuna jipya. Nimeweka vitabu kwenye kiti cha abiria, vikaanguka chini. Kiti kimesogezwa nyuma mpaka mwisho wa reli! Nani amekaa hapo? Kipusa akikaa anakileta mbele, nami hukiacha katikati. Huyu ni mtu mwenye miguu mirefu. Alikaa akaunyoosha urefu wake wote, akajisikia yuko nyumbani.

Dada wa duka la vipuri vya friji. Nimemwaza huyo kwanza, kwa sababu kila wiki nasikia habari zake: dada wa vipuri kasema hivi, dada wa vipuri ana kompresa za kutosha. Baada ya kazi nikapita dukani. Nikasema nataka mpira wa mlango wa friji. Akatoka nyuma ya kaunta kunipimia.

Ananifika begani. Na ana ujauzito wa miezi minane, mumewe kakaa pale pale anahesabu skrubu.

Nimenunua mpira ambao hauingii friji yetu.

Jumapili, 7 Septemba

Tumekwenda kwa Baba sote watatu. Nyumba yake iko kilomita kumi na mbili nje ya mji, barabarani kabisa, pale ambapo tambarare inakwisha na mteremko unaanza. Ukikaa barazani kwake unasikia malori yanavyopunguza gia kabla ya kushuka. Anayajua kwa sauti. Huyu mzoefu, huyu mgeni, huyu atajuta.

Mimi na Baba tunazungumza kila kitu isipokuwa magari. Mwaka juzi alirudisha nyuma pikapu yake, akaangusha nguzo ya geti lake mwenyewe. Nikachukua funguo, nikauza pikapu. Sikumwuliza, nilimwarifu. Alikaa wiki tatu bila kuniita jina. Halafu akaniita, na habari ya gari ikazikwa hapo, bila matanga.

Leo alikuwa na furaha ya ajabu. Kampokea mkwewe kwa vicheko, wamekaa wawili pembeni wananong'ona. Nikiwakaribia wanaongelea kuku. Baba hafugi kuku.

Mguu wake wa kushoto haunipendezi. Sukari ile. Alipoinuka kwenda kunawa, ndala ya kushoto ilibaki chini ya meza, naye akaenda mguu mtupu mpaka bombani, akarudi, akakaa, hana habari. Kipusa ndiye aliyemvisha. Babu akamwambia, ahsante, nilikuwa naipumzisha.

Kuhusu Jumamosi ya tarehe ishirini, Kipusa anakwenda kuanza chuo. Chuo kiko kule chini, mwisho wa kona zote tisa. Mimi siku hiyo nasimamia mtihani wa taifa, ruhusa hakuna hata ukifa. Kwa hiyo gari litashuka na Baba Kipusa, Kipusa, godoro, sanduku, ndoo na vitabu. Baba naye kasema atapanda pale kwake, amsindikize mjukuu. Wanaume wawili wakatazamana.

Nimeliona hilo jicho. Ni la karatasi soksini.

Kurudi nyumbani kaendesha yeye. Gari linatembea kama kobe na yeye kaweka gia nne, injini inatetemeka. Nikamwambia punguza gia. Akajibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma mahali: gari likishakolea gia, halisumbuliwi.

Kalisikia wapi hilo?

Jumanne, 9 Septemba

Jana na leo hakuna kitu. Leo alikuwa na gari yeye, jioni rimu safi, kilomita kumi na nane, kiti cha abiria mahali pake. Kwa hiyo ni Alhamisi. Ugonjwa huu una siku yake.

Jumatano, 10 Septemba

Ofisi ya walimu, saa nne. Mwalimu wa Jiografia kanisogelea na kikombe chake, ana lile tabasamu la mtu mwenye habari isiyo yake. Wiki iliyopita alishuka kwa basi kumwona mama yake mdogo. Njia nzima ya mteremko wakawa nyuma ya gari dogo la bluu, lina bonde kwenye buti na stika ya shule yetu. Kasema taa nyekundu za breki ziliwaka kona ya kwanza, zikazimika kona ya tisa. Hazikupepesa! Abiria wakawa wanacheka, wanasema dereva wa mbele kalalia breki. Kondakta akapiga dua.

Bonde kwenye buti nililitengeneza mimi mwenyewe, kwenye mti wa shule. Gari ni letu.

Nikamwuliza, siku gani? Alhamisi. Dereva ulimwona? Hapana, ila aliyekaa upande wa abiria alikuwa mrefu, kichwa kinagusa dari.

Nimeingia darasani nikafundisha kidato cha tatu asilimia ambazo walishamaliza kidato cha pili. Wamenakili zote, wananiogopa.

Kichwa kinagusa dari. Miguu mirefu. Jamani! Mrefu wa aina hiyo namjua mmoja tu, na nalala naye kitanda kimoja. Mume wangu alikuwa abiria. Kwenye gari lake mwenyewe, siku yake mwenyewe, kaendeshwa.

Basi aliyeshika usukani ni nani?

Alhamisi, 11 Septemba

Rimu nyeusi. Kilomita sabini na moja zile zile, kama za kupimwa kwa rula. Kiti nyuma mpaka mwisho.

Nimepika, nimekula, nimesahihisha madaftari thelathini na nane. Yeye kaniuliza mara mbili kama naumwa.

Naogopa. Nimeandika vichekesho vingi humu wiki hii, lakini ukweli ni huo, naogopa. Sijui naogopa mwanamke au naogopa nini.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemweka chini. Kipusa alikwenda kuaga rafiki zake, nikafunga mlango wa sebule. Nikatoa mfuko wa pedi, kitambaa cheusi, bahasha yenye kilomita, nikavipanga mezani. Nikamwambia nimeacha nafasi ya jina la dereva, alijaze mwenyewe.

Kaigeuza bahasha, kasoma kilomita zote. Halafu kacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Ni Baba!

Tangu mwezi wa sita, kila Alhamisi baada ya wateja, anakwenda kwa Baba. Alikwenda mwenyewe kuomba. Kasema: "Nilichoka kuitwa mtu wa breki, Mama Kipusa. Nikajua siku ya kumpeleka mtoto hutalala kwa mawazo. Nikasema nijifunze kwa aliyekufundisha, nikushangaze." Baba hushika usukani kushuka, kumwonyesha, mume wangu akapandisha gari. Kisha mume wangu anaendesha kushuka, Baba anampima, wanapanda tena, anamrudisha mzee barazani. Na Baba kamfunga mdomo: binti yangu asijue, ataniuzia na baiskeli.

Nililia. Mume wangu, na urefu wote ule, kakunjwa kwenye kiti cha abiria anajifunza gia kwa ajili yangu! Na mimi nimekwenda kupima urefu wa mjamzito wa watu. Nikamshika mkono. Nikamwambia nisamehe. Kasema pedi za breki kwenye kabati la nguo, hilo ndilo litakalochukua muda kusamehe. Tukacheka kweli.

Halafu nikauliza tu, kwa furaha: haya mwanafunzi, mteremko unashukwaje?

Akanyoosha mgongo kama mtoto wa darasa la kwanza. "Gia nne. Gari likishakolea gia, halisumbuliwi. Breki unaikanyaga mapema, unaishikilia sawasawa mpaka chini, usiichezee chezee."

Nikadhani ananitania. Nikasubiri acheke. Hakucheka.

Baba ndivyo anavyokuambia? Ndivyo anavyoniambia, na ndivyo anavyofanya mwenyewe.

Angekuwa mtu wa gia angeona kitu hicho siku ya kwanza. Lakini mtu wa breki kajipeleka kwa mwalimu anayekanyaga breki! Ataona nini? Kaona mzee anaendesha kwa utulivu, kama yeye. Akasema kumbe hata hii gia ninayoambiwa kila siku si ngumu.

Jumamosi, 13 Septemba

Haiwezekani. Gia Mbili ashuke na nne?

Baba Kipusa kaelewa vibaya. Ni mtu wa friji, pengine hajui hata gari liko gia ngapi. Au anamsingizia mzee ili nisiseme kuhusu mguu wake yeye. Nimemuuliza mara tatu leo, kwa njia tatu tofauti, kama ninavyowafanyia watoto. Jibu moja. Mara ya tatu kakasirika, akatoka nje kusafisha jiko la gesi ambalo lilikuwa safi.

Na mimi je? Mwaka juzi nilichukua funguo nikadhani nimemaliza. Sikumpeleka kupima mguu, sikumpeleka kupima chochote. Niliuza pikapu, nikanawa mikono.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimempigia Baba simu wakati wa mapumziko. Salamu, sukari, mvua. Halafu nikapenyeza, kama mzaha: "Baba, hivi ule mteremko unashukwa na gia ngapi?"

"Mbili," kasema, hata sikumaliza. "Kwani wamebadilisha mlima?"

Nikacheka. Akacheka. Akanieleza yote kwa mpangilio: gia unaiweka juu, kabla ya kibao cha onyo, siyo ukiwa kwenye kona. Injini ishike, breki iguse iachie. Ukiishikilia inachemka, ikichemka pedali inakuwa laini, ikiwa laini uanze kusali. Hakukosea hata neno. Ni maneno yale yale niliyoyasikia nikiwa na miaka kumi na tisa.

Basi mmoja wao ananidanganya. Au hakuna anayenidanganya, na hilo linanitisha zaidi.

Jumatano, 17 Septemba

Ikiwa ni mguu, nitauelewa. Mguu una ganzi, haukanyagi klachi, mzee ana aibu ya kusema. Ukishindwa kukanyaga klachi hubadilishi gia, ukishafika nne huko juu kwenye tambarare unabaki nayo mpaka chini. Na mtu asiyeweza huwa anatafuta maneno ya kufunika: gari likishakolea halisumbuliwi. Baba ni mwerevu, angetunga hivyo. Mguu una daktari. Mguu una fimbo, kiatu maalumu, dereva wa kukodi. Mungu wangu, iwe mguu, isiwe kumbukumbu.

Nimemwambia Baba Kipusa kesho anipe gari, na asiende. Kakubali bila swali. Nikamwambia pia Jumamosi mzee hashiki usukani hata kwa mzaha, na yeye atashuka na gia mbili, nitamfundisha mwenyewe Ijumaa mpaka usiku uingie. Kakubali hilo pia. Kasema hajui atamtazamaje mzee machoni. Mkuu wa shule nimempa sababu ya jino.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika ndani ya gari. Mlango uko wazi, daftari liko gotini, mwandiko huu nitaucheka siku moja. Tumesimama kwenye sehemu pana ya pembeni baada ya kona ya nne. Malori yanapita, yanashuka na gia nzito, yananguruma vizuri.

Kwa mpangilio. Nilifika kwake saa nane. Alikuwa barazani, kavaa kofia yake ya kazi na shati lililopigwa pasi, anamsubiri mkwewe. Aliponiona mimi nashuka kwenye gari alishika kofia kama mtu aliyekamatwa. Nikamwambia: Baba, nimesikia kuna mwalimu wa gari hapa, na mimi nataka. Alinitazama, akaona sikuja kugomba. Uso wake! Kama taa iliyowashwa. Akasema, lete funguo mama, ulikuwa umeanza kuharibika.

Nikampa. Mimi, kwa mkono wangu. Hakukuwa na mtu mwingine ndani, sikumweka mtoto hatarini, ila ni mimi niliyempa. Nilitaka kuona.

Kwenye tambarare kaendesha vizuri, gia moja, mbili, tatu, nne. Klachi kila mara alikuwa anaitafuta kwa macho, anachungulia chini, mguu unafika umechelewa. Nikajisemea, ni mguu. Karibu nimshukuru Mungu.

Tukafika kwenye kibao cha kuonya malori. Baba kasema kwa sauti, ile sauti yake ya zamani: "Gia mbili." Mkono ukaenda kwenye gia. Ukaigusa, ukaipapasa, ukarudi kwenye usukani. Mguu wa kushoto haukuinuka kabisa. Gia imebaki nne. Naye akatikisa kichwa kuridhika, kama aliyekwisha kuiweka.

Nikasema, "Baba, gia."

Akasema, "Nimeweka. Huisikii injini inavyoshika?"

Kona ya kwanza, breki. Ya pili, breki, hajaiachia. Ya tatu nikasikia harufu, ile ya pasi iliyosahauliwa kwenye nguo. Baba ananisimulia lori la mwaka fulani lililobeba nguzo za umeme, ananisimulia vizuri, huku mguu wa kulia umekandamiza mpaka goti linatetemeka. Mkono wangu ulikuwa juu ya handbreki tangu kibao kile. Kona ya nne pedali ikaingia chini zaidi, nililiona goti lake likifuata. Nikasema Baba simama, nataka kutapika. Nilisema uongo, lakini nilipomaliza kuusema ulikuwa kweli. Kasogea pembeni taratibu, nami nikavuta handbreki kwa mikono miwili. Gari likasimama, pua yake inatazama bonde.

Kazima injini. Kaweka funguo mfukoni, mazoea yake ya lori, dereva haachi funguo. Akaniambia nikae nitulie, nivute hewa. Kashuka.

Moshi unatoka gurudumu la mbele, mwembamba. Sheria yake mwenyewe: dakika ishirini, usimwagie maji, usizisogelee. Nahesabu. Zimekwisha dakika kumi na moja.

Ndala yake ya kushoto imebaki humu, imekwama chini ya pedali ya klachi. Yuko nje kwenye kokoto na mguu mtupu, kokoto zimechongoka, na anatembea kama yuko kwenye zulia.

Sijui nitamwambiaje. Nikimwambia mguu, atakubali, naona atakubali. Lakini lile "nimeweka" si la mguu. Nitampigia Baba Kipusa aje na Fundi Taratibu. Simu haina mtandao hapa. Nitamwomba funguo kwanza. Nimemwandalia maneno: Baba, sasa zamu yangu, unipime. Hilo litakubalika. Hilo litamfurahisha.

Anakuja. Kapitia mbele ya gari. Kainama kwenye gurudumu la upande wangu. Mgongo wa mkono, kama zamani. Kauondoa haraka, kaupuliza, kautikisa.

Sasa kasimama wima. Anaangaza huku na huku, juu ya barabara, chini ya barabara. Kanitazama mimi kupitia mlango.

"Nani alikuwa anaendesha hili gari?"

Namwangalia mdomo kama atacheka. Jua liko nyuma yake, uso sioni vizuri. Alikuwa akisubiri hivi hivi zamani, kichwa upande. Lakini zamani nilikuwa najua anasubiri nini.

Kauliza tena. Funguo bado ziko mfukoni mwake.